Vakanse ya Pasaka: Daraja Kati ya Nyumba na Shule kwetu Masisi na Walikale

Utangulizi

Kila mwaka Pasaka ikikaribia, nasikia maneno mawili. La kwanza ni la wazazi: "Watoto wamefunga masomo, sasa ni wakati wa shamba, mambo ya kaye itangoja walimu." La pili ni la walimu, siku ya kurudi: "Wamesahau yote! Wazazi hawafanyake kitu." Mzazi anamtupia mwalimu, mwalimu anamtupia mzazi, na mtoto wa darasa la kwanza anabaki katikati kama mpira.

Mimi niliyeandika kurasa hizi ni mwalimu wa sekondari, mwenye diploma ya chuo cha ualimu. Nilizaliwa kando ya barabara inayotoka Masisi kwenda Walikale. Katika kitabu hiki cha mila zetu, wenzangu wameandika juu ya ndoa, juu ya mavuno na juu ya wamwami. Mimi nimechagua kitu ambacho wengi hawakihesabu kuwa mila: zile wiki mbili hivi za vakanse ya Pasaka, na namna mtoto mdogo anavyojifunza ndani yake. Nataka kuonyesha kwamba ugomvi huu wa nyumba na shule una historia yake, ulianza wakati fulani, na kwa hiyo unaweza pia kuisha.

1. Mafundisho ya nyumbani kabla ya shule

Wazee wetu hawakuwa na ubao wala chaki, lakini hakuna aliyeacha mtoto akue bila kufundishwa. Bahunde, Banyanga, Batembo, Bakano, Bakumu, Banyarwanda, kila mmoja alikuwa na namna yake, na kwa mambo makubwa namna hizo zilifanana. Mtoto wa kike alikaa na mama na nyanya jikoni. Mtoto wa kiume, akishaacha maziwa na michezo ya jikoni, alianza kukaribia barza ya wanaume na kusikiliza. Jioni kulikuwa na vitendawili na hadithi. Mchana kulikuwa na shamba, mbuzi, maji na kuni. Mtoto alijua majina ya miti kabla ya kujua kuikata.

Mfano mmoja unajulikana mpaka ng'ambo. Mwaka 1956, mzee Candi Rureke, Munyanga wa Walikale, aliimba na kusimulia hadithi ndefu ya Mwindo kwa siku 12, huku watu wakiiandika. Ikatoka kama kitabu mwaka 1969, kazi ya Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene, huyu wa pili akiwa mwana wa Banyanga mwenyewe. Kitabu hicho kinasomwa katika vyuo vikuu vya Marekani na Ulaya. Lakini kwa jambo letu la leo nataka tuangalie kitu kidogo: mzee hakuwa peke yake. Pembeni yake kulikuwa na vijana waliopiga mdundo na kuitikia nyimbo. Vijana wale walikuwa wanasaidia, na papo hapo walikuwa wanajifunza. Hakuna aliyewaambia "andika, kesho nitakuuliza". Walijifunza kwa kushika sehemu ndogo ya kazi kubwa.

Wazee walijua pia kuhesabu siku kwa mwezi wa mbinguni. Walisema: mwezi ukiandama tutafanya hivi, ukijaa tutafanya vile. Tushike neno hili, tutalirudilia mbele, sababu Pasaka yenyewe inahesabiwa kwa mwezi.

2. Shule ya misioni inaingia, na Pasaka pamoja nayo

Shule ya karatasi ililetwa kwetu na misioni wakati wa ukoloni wa Wabelgiji. Kwa Wakatoliki walikuwa Mapadri Weupe, shirika lililoanzishwa na Askofu Lavigerie mwaka 1868. Kisha Waprotestanti nao wakafungua vituo vyao. Kwa watu wengi wa vijijini, shule ya kwanza ilikuwa kapela ya majani, na mwalimu wa kwanza alikuwa katekista. Huyu aliwafundisha sala, herufi na hesabu kidogo, mara nyingi kwa Kiswahili au kwa lugha ya kijiji.

Kanuni ya Mapadri Weupe ilikuwa kwamba anayetaka ubatizo ajifunze miaka 4. Na tangu zamani za Kanisa, usiku mkubwa wa ubatizo ni ule wa kuamkia Pasaka. Kwa hiyo kwa wazee wetu waliosoma mambo ya dini, Pasaka ilikuwa kama mwisho wa masomo: unaulizwa, unajibu, unaingia. Mpaka leo muhula wa pili wa shule ya primeri unamalizika karibu na Pasaka, mtoto anapewa buletini, na pumziko linaitwa vakanse ya Pasaka hata na wale wasiosali siku hiyo.

Shule ile ilituletea mema mengi, nami ni mtoto wake. Lakini ilileta pia mpasuko. Mzazi asiyejua kusoma aliambiwa, kwa maneno au kwa macho, kwamba yeye hana kitu cha kumfundisha mtoto. Kazi yake ni kumtuma shuleni na kulipa. Nyumba ikawa mahali pa kula na kulala, shule ikawa mahali pa akili.

Jambo la lugha likaongeza ugumu. Kati ya 1937 na 1955 serikali ya Wabelgiji ilileta familia nyingi kutoka Rwanda kuja kukaa Masisi, juu ya waliokuwa pale tangu zamani na wengine waliokwisha kufika mbele. Darasa moja likaweza kuwa na watoto wa lugha tatu au nne. Kiswahili njo kiliwaunganisha kwenye uwanja wa kuchezea. Baada ya uhuru, programu ya 1962 iliweka Kifaransa tangu mwaka wa kwanza. Katika miaka ya 1970, wakati wa Zaire, iliamuliwa kurudilia lugha za taifa katika miaka ya mwanzo, na kwetu maana yake ni Kiswahili. Sheria ya elimu ya 11 Februari 2014 nayo imekubali lugha ya taifa au lugha ya mazingira kwa mwanzo wa primeri. Kwenye karatasi ni vizuri. Lakini shule nyingi bado zinaona haya, na wazazi wenyewe wanasema: "Mutoto wangu sikumutuma kule kujifunza Kiswahili, ile anaijua."

Pasaka nayo ilipata misukosuko. Mwaka 1974 utawala wa Mobutu uliondoa Noeli katika sikukuu za serikali, na mwisho wa mwaka huo shule za makanisa zikatangazwa kuwa za serikali, somo la dini likatolewa. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mkataba na makanisa, na shule zikarudi mikononi mwao. Ndizo tunazoita mpaka leo shule za mkataba: za Wakatoliki, za Waprotestanti, za Wakimbanguisti, na wengine waliofuata. Kisha miaka ya 1990 ikaja na njaa ya walimu. Mshahara wa serikali ulikufa, wazazi wakaanza kumlipa mwalimu kwa mfuko wao. Tangu hapo mazungumzo ya mzazi na mwalimu yakawa juu ya pesa tu. Mtoto alifukuzwa, mzazi akaja, akalipa au akaomba siku, akaenda. Juu ya namna mtoto anavyosoma, hakuna aliyeuliza.

3. Pasaka ya 1993

Hapa naomba wasomaji waniruhusu nizungumze juu yangu.

Mwaka 1993 nilikuwa darasa la tatu la primeri. Tulikuwa tunajitayarisha kwa mtihani wa muhula wa pili. Tarehe 20 Machi, siku ya Posho, watu waliuawa katika soko la Ntoto, kule Walikale, na moto ule ukatambaa mpaka Masisi yote. Njo vita wanayoiita vita ya Masisi. Maelfu ya watu walikufa, wa kila upande, na wengi zaidi waliacha mashamba yao. Sitasema ni nani alianza wala nani alimaliza. Waliokuwa watoto wakati ule, wa lugha yoyote, wanajua kitu kimoja: mwaka ule hakuna aliyepata buletini.

Tulitembea mpaka Sake. Tulilala katika darasa la shule, juu ya mikeka, na mabenchi mengine yalikuwa yamegeuka kuni. Pasaka iliangukia tarehe 11 Aprili. Siku ile waamini waliimba nje ya darasa, sisi watoto tukaimba nao, kisha tukarudi kungoja chakula.

Mama yangu hajui kusoma. Aliondoka nyumbani na mtoto mgongoni na mfuko wa maharagi ya mbegu. Kila asubuhi alikuwa anapima kwa kopo la maziwa, lile tunaloita gigozi, na alinifanya nishike kopo mimi. Ananiuliza: "Tuko na gigozi kumi na ine. Tukipika mbili kila siku, tutafika siku ngapi?" Nikisema saba, anasema: "Na kama tantine yako anakuja na watoto, tukipika tatu?" Nahesabu kwa kupanga maharagi chini, tatu tatu, naona yanabaki mawili. "Basi," anasema, "ile siku ya mwisho tutakula kidogo." Sikujua kwamba nilikuwa nafanya kugawanya na baki. Nilijua tu kwamba nikikosea, tutalala njaa mbele ya wakati.

Kaka yangu, aliyekuwa darasa la tano, alichukua makaa na kuniandikia herufi kwenye ukuta wa mbao. Nyanya alitupa vitendawili usiku, kwa sauti ya chini, sababu watu walikuwa wengi ndani. Hakuna hata mmoja wao aliyefikiri kwamba anafundisha shule. Walikuwa wanatafuta tu tusiogope.

Mwezi wa Septemba niliingia shule nyingine. Siku moja mwalimu aliandika kugawanya ubaoni, nikainua mkono nikasema naijua, ni hesabu ya maharagi. Darasa likacheka. Mwalimu naye akacheka, akasema: "Hiyo ni hesabu ya shamba, hapa ni shule." Simtaji, alikuwa mtu mzuri, na pengine siku ile hakuwa amekula. Lakini sikuinua mkono tena mpaka mwaka ukaisha. Kitu pekee kilichonishikilia katika masomo wakati shule zimefungwa ndicho kilichochekwa shule zilipofunguliwa.

4. Vita vilirudi, na somo ni lile lile

Baada ya 1993 watoto wa Masisi na Walikale hawakupata utulivu mrefu. Vita vya 1996, vya 1998, vya CNDP, vya M23 mwaka 2012, na makundi ya silaha ambayo majina yake yanazidi vidole. Mgodi wa Bisie kule Walikale na machimbo ya Rubaya kule Masisi vikawavuta vijana wengi waache kaye washike koleo. Miaka ya karibuni tumeona tena: familia nyingi za Masisi zilikimbilia kambi za Bulengo na Lushagala pembeni ya Goma, mpaka kambi zikaachwa Februari 2025. Masisi-centre ilichukuliwa na M23 mwanzoni mwa Januari 2025. Walikale-centre ilichukuliwa tarehe 19 Machi 2025, kama mwezi mmoja mbele ya Pasaka, na wapiganaji wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mtoto wa darasa la kwanza wa mwaka ule alisoma muhula wa pili vipi? Kila mzazi wa pale ana jibu lake.

Kwa nini nataja haya katika maandishi juu ya vakanse? Kwa sababu kwetu vakanse fupi ya Pasaka ni kama zoezi. Nyumba inayojua kumshika mtoto katika masomo kwa wiki mbili za amani, itajua kumshika kwa miezi mitatu ya kukimbia. Na nyumba iliyozoea kusema "hiyo ni kazi ya mwalimu", siku mwalimu naye amekimbia, itakosa pa kuanzia.

Kuna sababu nyingine. Tangu Septemba 2019 primeri ya serikali ni bure. Tunashukuru, watoto wengi waliokuwa nyumbani wameingia. Lakini madarasa yamejaa, na mwalimu mmoja hawezi kusikiliza kila mtoto akisoma. Na vijiji vyetu vingi havina shule ya watoto wadogo, ile wanaita materneli. Mtoto anafika darasa la kwanza hajashika biki hata siku moja. Kama nyumba haikumtayarisha, ataanza nyuma.

5. Tunapashwa kufanya nini

Ninayoyaandika hapa hayaombi pesa. Ni kazi za zamani tunazozijua, tuzirudishe tu.

Kwanza, buletini. Siku mtoto anapoileta, mzazi akae naye chini, amwambie: "Nisomee." Hata kama mzazi hajui herufi, mtoto asome majina ya masomo na alama. Fimbo ingoje. Mzazi aulize somo gani lilimpendeza na gani lilimshinda. Akijua hivyo, anaweza kwenda kwa mwalimu na neno la kusema zaidi ya pesa.

Pili, shamba. Pasaka kwetu inaangukia katika mvua, wakati maharagi na mahindi ya msimu wa pili yako shambani na majani yanataka kupaliliwa. Sikatazi mtoto kwenda. Lakini mtoto wa miaka 6 asitumwe kama punda. Ahesabu mistari, apange vijiti kumi kumi, apande mbegu tano karibu na nyumba na aangalie kila asubuhi ipi imeota kwanza. Hiyo ndiyo sayansi itakayomngoja darasani.

Tatu, hadithi. Jioni mzee atoe hadithi kwa lugha ya nyumbani, na kesho yake mtoto airudilie mwenyewe. Mtoto anayejua kupanga hadithi kwa lugha yake, mwanzo, katikati na mwisho, atajua kuipanga kwa Kiswahili, na kisha kwa Kifaransa. Asiyejua kwa lugha yoyote atakariri tu. Waangalieni watoto wa Kizito-Anuarite au wa ekodimu wakati wa Pasaka: wanashika mchezo mzima wa mateso, nyimbo kumi na maneno yake, na mtoto huyo huyo buletini inasema "hana kumbukumbu". Kumbukumbu anayo. Aliyempa sehemu ya kushika ndiye aliyeipata, kama wale vijana wa mzee Rureke.

Nne, mwezi. Pasaka haina tarehe moja. Tangu Mtaguso wa Nisea mwaka 325, Kanisa linashika kanuni moja kwa wote, nayo inasema Pasaka ni Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza tangu 21 Machi. Ndiyo maana inatembea kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mtoto atoke nje na babu yake, achore kila usiku umbo la mwezi kwa makaa. Babu atakuta kwamba anajua kitu ambacho shule nayo inakitafuta. Na familia isiyoadhimisha Pasaka inaweza kufanya hivyo vilevile, mwezi ni wa wote. Jirani Mwislamu anauhesabu kwa ajili ya Ramadhani.

Tano, sisi walimu. Tusiwape watoto wadogo kurasa ishirini za devwari ambazo kaka mkubwa atazinakili usiku wa mwisho. Mistari mitano ya kusoma kwa sauti mbele ya mtu wa nyumbani inatosha. Na siku ya kurudi, tusianze na mtihani. Tuulize: "Mumeona nini? Mumehesabu nini?" Kisha tuandike majibu yao ubaoni, tutoe somo humo. Kamati ya wazazi nayo, katika mkutano wa muhula, itoe nusu saa ya kuzungumza namna watoto wanavyosoma, nje ya mambo ya mabati na michango.

Mwisho

Msidhani kwamba mimi nilishika somo langu mapema. Miaka michache iliyopita, mtoto wangu wa darasa la pili alileta buletini ya Pasaka: hesabu, asilimia 40. Mimi mwalimu, mwenye diploma, nilimfungia na kaye mezani siku tatu. Alilia, na hakuelewa zaidi. Siku ya nne mama yangu, ambaye sasa ni mzee na anakaa kwetu, akaingia, akasukuma kaye pembeni, akamwaga gigozi moja ya maharagi juu ya meza. Akamwambia mjukuu: "Kuya hapa. Tuko watu ngapi mu hii nyumba?"

Nilisimama mlangoni nikisikiliza. Mtoto alipanga, akahesabu, akakosea, akapanga tena. Mama hakuniangalia, lakini najua alijua niko pale. Kisha akasema, kama mtu anayesema na maharagi: "Shule iko muzuri. Lakini haikuniuliza hata siku moja kama mimi nilijua kitu."

Ndugu wazazi, ndugu walimu, Pasaka ijayo tuulizane.